Mluzi wa Shabani kwenye Albamu ya Tatu

Usiku ule nililala nimenuna. Mchana wake Rehema, binti wa marehemu rafiki yangu Shabani, alikuja kwa mara ya tatu kuniomba asikilize santuri ile ile, na kwa mara ya tatu nilimkatalia. Ana vidole vizito yule mtoto. Hushika santuri kama anashika chapati, na albamu ya tatu ya Cheche Nane haipatikani tena popote. Baba yake alipofariki alikuwa na mwaka mmoja. Hamkumbuki hata kidogo. Alisema anataka kusikia ule mluzi wa baba yake tu. Nikamwambia gramafoni ni mbovu. Haikuwa mbovu.

Cheche Nane walikuwa bendi yetu ya roki, watu wanne walioamua kujiita nane, na mimi na Shabani tuliwapenda tangu tunavaa kaptula za shule. Albamu ya tatu waliirekodi mbele ya watu, kwenye ukumbi wa mji, nasi tulikaa safu ya mbele. Katika wimbo wa mwisho gitaa hunyamaza kidogo, kimya cha makusudi, kisha hurudi. Kila shabiki alikijua kimya kile. Shabani peke yake alidhani wimbo umekwisha, akapiga mluzi. Bendi haikurudia kurekodi. Ukabaki humo, mluzi mrefu wa mjinga mmoja, mahali pazuri kuliko pote. Tangu hapo, wimbo ukikaribia pale, mimi hunyanyua sindano.

Basi nikalala, na mara niko ukumbini, mchana kweupe, viti vyote vitupu. Shabani amekaa kando yangu na shati lake la maua, anatafuna karanga. Nilijua amekufa, mimi mwenyewe nilibeba jeneza lake. Hilo halikunizuia kukasirika. Nikamwambia safari hii asubiri kimya kipite. Yeye anatafuna tu. Muziki unaanza, sijui unatoka wapi, na ukumbi umekuwa sebule yangu, gramafoni inazunguka, viatu vyake vya vumbi viko juu ya zulia langu.

Akaanza kunisuta. Jalada la albamu ya kwanza nimeliacha juani. Ya nne sijaifuta vumbi. Na nani amenidanganya kwamba ya pili ni bora kuliko ya tano? Hilo tulibishania ujana wetu wote, na hata kufa hakukumbadilisha mawazo. Nilimkumbuka mno mtu huyu, nilitaka kulia, nikaishia kubishana naye.

Kimya kinakaribia. Mkono wangu ukaenda kwenye sindano, kwa mazoea. Akaushika. Vidole vyake vilikuwa na joto.

"Usinyanyue," alisema.

Nikamuuliza kwa nini anilazimishe kusikia kosa lake, baada ya miaka yote hii. Gitaa likanyamaza. Akaweka vidole viwili mdomoni, nami nikaamka kabla sijasikia chochote.

Kulikuwa kunapambazuka. Nilikaa kitandani nimechukia kweli. Mtu amelala kaburini miaka thelathini, anakuja, hamjulii mtu hali, anaongelea vumbi la majalada. Hakumtaja mkewe. Hakumtaja mwanawe. Nikaenda sebuleni, nikaiweka santuri, na wimbo ulipofika pale nikaficha mikono kwapani ili isinisaliti.

Mluzi ukaja. Ulikuwa mfupi kuliko nilivyoukumbuka. Na mwishoni mwake, kabla gitaa halijarudi, kuna kicheko. Ni chake, kile cha kujishtukia, cha mtu aliyegundua ukumbi mzima unamtazama. Nimemiliki santuri hii karibu maisha yangu yote na sikuwahi kufika hapo. Nikakaa chini kwenye zulia.

Nikampigia simu Rehema. Akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, nimemwota baba yake, amenikataza kunyanyua sindano, basi aje asikilize, leo hii, na aishike santuri apendavyo.

"Aliniulizia, baba mdogo?"

Maisha yangu yote nimegombana na watu wanaoongeza yasiyomo.

"Alianza na wewe," nikasema.