Kiti cha Pembeni ya Machela

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Kidodi, msimamizi wa magari alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, kisha akanipa ufunguo wa lori la miwa. "Likikushinda, mama, liache hapo hapo barabarani." Halikunishinda. Msimu baada ya msimu nilivuta tela lililojaa miwa kutoka Ruhembe, na tela halina huruma na dereva mwenye pupa. Ninyi mnaorudi nyuma kwa kamera, jaribuni siku moja kurudisha tela.

Baadaye niliajiriwa na zahanati moja ya misheni vilimani, upande wa Mamboya. Gari la wagonjwa lilipochakaa, kamati ilibaki na mawili ya kuchagua. Yote yalikuwa foo-wili, yaani injini inazungusha matairi yote manne. Dogo lilikuwa jepesi kwenye utelezi. Kwenye kubwa, machela ililala sawasawa, na pembeni palikuwa na kiti cha ndugu wa mgonjwa. Nilisema tuchukue kubwa, maana kwetu mgonjwa hapelekwi hospitali ya Kilosa peke yake. Nani atampikia? Nani atamsemesha?

Katibu wa kamati alitabasamu. "Mama Roda, kubwa litakusumbua kwenye kona zetu. Mwanamke humfaa gari dogo, la mkononi."

"Nimevuta tela la miwa, Katibu."

"Kule ni tambarare."

Wakanunua dogo.

Masika yaliyofuata, jirani yangu Tabita alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, mtoto amekaa vibaya. Tulilaza viti vyote vya kushoto ndipo machela ikaingia. Nyuma yangu ikabaki nafasi ya mtu mmoja, akakaa muuguzi. Shangazi yake Tabita, aliyemlea tangu utotoni, tukamwacha kwenye matope na kikapu chake cha unga. Njia nzima Tabita alimwita. Gari halikuteleza hata mara moja. Mtoto alipona, mama yake akafia Kilosa.

Kesho yake shangazi alifika kwa lori la mahindi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Aliniita?"

"Alikuita."

Akaweka kikapu chini.

Watu huniuliza kama nimesamehe. Sijasamehe. Katibu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Aliniheshimu, akaniombea, akanichagulia gari kama baba anavyomchagulia binti yake viatu.

Mwaka niliostaafu walinunua kubwa. Kwenye hafla ya kuniaga, Katibu yuleyule alisema kwa furaha ya kweli, "Sasa tuna dereva mwanamume, gari limepata mwenyewe." Watu wakacheka. Dereva mpya, kijana mwenye adabu, aliniamkia, akanifungulia mlango wa mbele anipeleke nyumbani.

Nikaenda kufungua wa nyuma. Machela ilikuwa imelala sawasawa, na kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Nilikaa hapo mpaka nyumbani.