Taa Hafifu Ndani ya Duara

Kwa miaka mingi nimeukana ukweli huu, hata mbele ya wanafunzi wangu: nyota iliyonipatia shahada sikuiona mimi. Aliiona shangazi yangu wa Bukima, mwanika dagaa.

Maduka ya Musoma yalikuwa yameanza kujaa bidhaa tena, nami nilirudi kwake likizo kutoka chuo cha ng'ambo na bahasha ya picha za kishada kimoja cha nyota, maelfu yake yamesongamana kama mpira. Setilaiti ilikuwa imenasa miale ya eksirei kutoka humo, ila haikuweza kusema ni ya nyota ipi. Ilituchorea duara tu, na ndani ya duara nyota tisa. Profesa wangu alipewa muda wa darubini kubwa unaotosha kuchunguza moja. Kuichagua aliniachia mimi; ningekosea, ufadhili wangu ungeishia hapo.

Nilichagua iliyong'aa kuliko zote, kwa hoja za kurasa nne.

Shangazi alilaza mezani picha za siku mbili tofauti, akaziangalia kwa zamu huku akitafuna muhogo. Kisha akagusa kinukta nilichokipuuza.

"Hii imefifia. Kwenye ile nyingine haiko hivi."

Nikamwambia ni hafifu mno. Akacheka. Miaka ya shida tambi za karabai hazikupatikana, na mumewe alivua dagaa kwa taa yenye utambi uliotoboka. Katika taa zote za ziwani usiku, shangazi aliitambua yao kutoka ufukweni kwa mwanga wake kuyumba.

"Ya kwetu ilikuwaga haing'ai, mwanangu. Ilikuwaga inafifia, inarudi. Wewe msomi unatafuta taa ya tajiri."

Eksirei za namna ile hutoka pale gesi inapomwagikia nyota iliyokufa, na mwanga wake huyumba. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye mtihani, tena vizuri. Nikachana zile kurasa nne, nikaandika barua ya nusu ukurasa, nikaiposti kwa profesa kutoka Musoma.

Wiki kadhaa baadaye profesa alipiga simu kwenye duka la mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, mzee aliyeturuhusu kupokelea simu hapo. Shangazi alisimama kando yangu, mkono kiunoni. Ndiyo yenyewe, profesa alisema, darubini imethibitisha. Ila nani aliiona, maana kila mtu hapa alichagua ile inayong'aa zaidi?

"Mimi," nikamjibu kwa Kiingereza.

"Anasemaje?" shangazi akauliza.

"Anauliza nani aliiona."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."