Gauni Lililoshonwa kwa Kipimo cha Uongo

Siku Mwatumu alipovaa sare yake mpya ya lelemama, ndani ya gauni lile ilibaki nafasi ya mtu mwingine mzima.

Sikutanii. Angeweza kumkaribisha mgeni humo ndani na wote wawili wakapumua.

La kushangaza zaidi, fundi hakukosea. Alishona sawasawa na kipimo alichopelekewa na Mwatumu mwenyewe.

Turudi Tanga, Chumbageni, mwaka hamsini na nne. Mwatumu binti Kombo ana miaka kumi na tisa, na sauti ambayo akiimba jikoni majirani wananyamazisha watoto wao. Ila mwili sasa, hana. Na pwani enzi hizo ukiwa mwembamba watu wanakuuliza kwenu mnakula nini.

Chama chake cha lelemama, ile ngoma ya wanawake wa pwani, kiliitwa Nuru Njema. Humo alikuwemo Mastura, mama wa watoto wanne, mnene, mcheshi, mdomo hauna breki. Huyo ndiye aliyembandika Mwatumu jina la Ng'onda, yule samaki mkavu wa kuanikwa. Chama kizima kikalidaka.

Mwatumu alikuwa anacheka nao. Akifika nyumbani analia mpaka kanga inalowa.

Basi bwana, ikaja harusi kubwa, na mashindano na chama cha mtaa wa pili. Kiongozi wa Nuru Njema akaamua safari hii Mwatumu ndiye atoe wimbo, tena asimame mbele kabisa, si kufichwa nyuma kama siku zote. Sharti lilikuwa moja tu: asiye na sare mpya hasimami.

Mshonaji alikuwa Fundi Sadalla wa Ngamiani. Zamani zile mwanamke mwenye heshima zake hakwenda kuzungushiwa futi kiunoni na mwanamume. Unampelekea gauni lako la zamani, anapima hilo, anashona.

Mwatumu akapiga hesabu. Harusi bado miezi mitatu. Akachukua gauni la dada yake Mwanamkasi, pande la mtu, akalipeleka kama lake. Mpango wake ulikuwa anenepe mpaka alijaze.

Akala. Uji wa uwatu asubuhi, bokoboko la ngano na nyama mchana, na samli anakunywa kwa kikombe huku ameziba pua.

Mwezi wa pili tumbo likagoma. Aliharisha siku nne, na kale kanyama kadogo alikokuwa nako kakaondoka.

Dresa, yaani mganga msaidizi wa zahanati, Mbondei mmoja mpole jina lake Timotheo, akamwuliza anakula nini. Aliposikia kikombe cha samli akaweka kalamu chini.

"Dada yangu, mwili wako mzima kabisa. Kula samaki, kula mchicha, ukishiba acha. Ugonjwa wako ni hiyo samli."

Mwatumu akaitikia, lakini kitambaa kilikwisha katwa.

Alasiri ya harusi sare zikaletwa, kila moja imefungwa kwenye gazeti na jina la mwenyewe. Mwatumu akajifungia chumba cha nyuma avae peke yake. Ndipo alipokutana na lile gauni kama hema.

Akakaa kitandani. Miaka yote anaisubiri ile nafasi ya mbele, leo anaikosa kwa uongo wake mwenyewe.

Mara akasikia mtu anaguna kwenye kona iliyokingwa pazia. Akafunua.

Alikuwa Mastura. Mikono juu, kichwa kimepotelea ndani ya gauni lililokwama mabegani, halipandi halishuki.

"Kama wewe ni Mwatumu, ondoka," sauti ikatoka ndani ya kitambaa. "Kama ni mwingine yeyote, nisaidie."

Mwatumu akageukia mlango. Uani kulikuwa na wanawake hamsini. Kufungua mlango tu, wakamwona Mastura vile, na jina la Ng'onda lingezikwa siku hiyo hiyo. Nisiwafiche, mkono wake ulifika kwenye komeo.

Ila akamsikia Mastura analia humo ndani, kile kilio cha kujiziba mdomo. Mwatumu alikijua vizuri, maana ndicho alichokuwa analia yeye kila siku.

Akarudi, akavuta gauni.

Mastura alipoona ni nani, akaketi chini na maneno yakamtoka yote. Harusi iliyopita wale wapinzani walimwimba, wakamwita robota la katani, ule mzigo mnene wa mkonge. Tangu hapo analala na njaa, na mara mbili ameanguka jikoni. Gauni alilopeleka kwa Fundi Sadalla lilikuwa lake la usichana, akitumaini atapungua mpaka limwingie.

Mwatumu akalishika lile lililokwama, akalipima kifuani pake. Lilikuwa la mtu wa umbo lake kabisa.

"Nilikuwa vivyo hivyo kama wewe," Mastura akasema. "Na lile jina, mimi ndiye niliyeitwa kwanza. Nisamehe, mdogo wangu."

Mwatumu akamwinua. Alivua hema lake, akamkabidhi. Wakabadilishana, na kila gauni likapata mwenyewe.

Huko uani wapinzani hawakuchelewa. Walianza na wimbo wao wa robota, wanawake wakaangua vicheko, na Mastura akainamisha kichwa.

Mwatumu akasogea mbele, akatoa wimbo ambao chama hakikuufanyia mazoezi:

"Mwenye umbo kaumbwa, hakwenda kuchagua,
Ukimcheka mja, Mola wamkosoa."

Uwanja ukapasuka kwa vigelegele. Mastura akainua kichwa.

Baada ya pale wale wawili wakashikamana. Kila alfajiri wakishaswali wanatembea mpaka Raskazone na kurudi, wanapiga umbea njia nzima, kisha wanakula muhogo na samaki kwa Mastura. Mastura hakuwa mwembamba na Mwatumu hakuwa mnene. Ila Mastura alianza kucheza nyimbo tatu bila kuhema, na Mwatumu akawa anakula kwa raha.

Mwili ni wako, ulishe na uutembeze kwa sababu unaupenda. Na ukimsikia mtu anamcheka mwenzake umbo, kabla hujamchukia, muulize yeye zamani aliitwa nani.