Kichaka Walichokiacha Majirani

Mimi ni mwoga. Wenzangu hunicheka, lakini kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na ubawa wangu ni huu mmoja: shamba la mahindi la Kasokola nililolinunua kwa jasho langu baada ya kuachika, pamoja na wanangu wawili wanaokula kutoka humo. Ndiyo maana siku nilipoikuta miche mitatu ya bangi katikati ya mahindi yangu, nilikaa chini kwenye tope.

Sikuhitaji kuuliza nani kapanda. Baba yangu, ninayeishi naye tangu mama afariki, alilima tumbaku maisha yake yote mpaka kifua kikamharibikia. Usiku hukohoa mpaka watoto wanaamka. Daktari wa mjini alimwambia kifua hicho hakitarudi tena, akampa vidonge vinavyomtapisha. Lakini akichemsha yale majani kidogo na kunywa, analala hadi asubuhi.

"Tumbaku iliyonila mapafu, bwana shamba alikuwa anakuja kuikagua na kunipongeza," aliniambia nilipomkabili. "Haya majani yanayonilaza ndiyo ya kunifunga? Mwili ni wangu, mwanangu. Simuuzii mtu, simpi mtu. Wakija nitasema ni ya kwangu."

"Na shamba ni la nani, baba?"

 Nami sikumtajia mdogo wangu, mwanawe wa kiume, anayezunguka mtaa wa Majengo mjini akiongea na milango ya maduka. Mama alikufa akiamini bangi ndiyo iliyomfanya vile. Baba anasema ule ugonjwa alizaliwa nao. Mimi sijui nani ana haki. Najua tu kwamba harufu ya majani yale ikinifikia, namwona mdogo wangu.

"Nipe mpaka Jumapili, nitaing'oa mwenyewe," baba alisema, nami nikampa.

Ijumaa mtendaji wa kijiji akaita mkutano. Alisema Jumatatu askari watapita mashambani kusaka bangi. Shamba litakalokutwa na hata mche mmoja, mwenye shamba ndiye atakayeondoka nao. Tena aliyeona akanyamaza, naye ana lake la kujibu. Nilihisi watu wote wananitazama, ingawa hakuna aliyegeuka. Nilitaka kwenda kuing'oa saa ile ile, lakini njia ya shambani ilikuwa imejaa watu wanaotoka mkutanoni, na nani angenipita bila kuuliza nimebeba nini? Na usiku, kwa uoga wangu, sikuthubutu.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu. Sisi huku tunapalilia kwa zamu: leo kundi zima linaingia kwako, kesho kutwa kwa jirani. Nyasi zilikuwa zimeshapanda magotini. Kuahirisha zamu siku moja baada ya mkutano ule kungekuwa sawa na kujitangaza. Na kwa desturi yetu mwenye shamba hashiki jembe siku hiyo. Anapika. Kwa hiyo nilikaa jikoni nikisonga ugali, na majembe ya watu kumi na zaidi yanasogea kuelekea mahali ninapopajua.  

Niliyaambia masikio yangu yasubiri ukelele. Haukuja. Mchana walirudi, wakanawa, wakala maharage, wakayasifu. Kiongozi wa kundi, mama mmoja mtu mzima asiyependa maneno mengi, alinirudishia sahani akasema, "Shamba lako limekaa vizuri, mama. Tumemaliza." Hakunitazama usoni.

Walipoondoka nikaenda kuangalia. Shamba lilikuwa safi kama uwanja uliofagiwa, isipokuwa katikati. Pale palisimama kichaka cha nyasi, upana wa mkeka, na mistari yote ya majembe ilikuwa imekizunguka. Walikuwa wameona, wote. Hawakung'oa, maana atakayeng'oa ameshika. Hawakupalilia, maana atakayepalilia ameona. Walinihifadhi kwa namna waliyoijua, na kwa hisani yao mtu wa pikipiki barabarani angeweza kukiona kichaka kile bila kushuka. Nilitaka kuwashukuru na kuwatukana kwa pumzi moja.

Alfajiri ya Jumapili nilikwenda na jembe. Baba alikuwa ameshatangulia. Kichaka chote alikuwa amekipalilia kwa mikono yake, nyasi kazitupa pembeni, na ile miche mitatu imebaki imesimama peke yake kwenye udongo mtupu. Alikuwa amekaa chini, anahema.

"Nimeshindwa," alisema. "Ng'oa wewe. Shamba ni lako."

Nikang'oa. Mizizi ilitoka kirahisi kuliko nilivyodhani. Baba aliangalia upande wa milima, nami nikaikunja kwenye kanga nikaenda kuitupa kwenye shimo la choo.

Jumatatu askari walikuja kweli. Mmoja alisimama katikati ya shamba, akasukuma udongo kwa kiatu, akauliza mbona pale pamechimbwa juzijuzi. "Palizi, afande," nilisema, na sauti iliyotoka haikuwa yangu. Akaendelea mbele. Nilisimama palepale mpaka jua likaniunguza kichwa.

Nimeokoa ubawa wangu, na kila usiku nasikia bei yake ng'ambo ya ukuta. Baba hakohoi tena kwa vipindi, anakohoa moja kwa moja, na hajanilaumu hata mara moja. Angenilaumu ningepata la kujibu.

Juzi ilikuwa palizi ya pili. Kundi likaja, nikapika, wakala, wakaondoka. Jioni nilitoka kutazama. Pale katikati wamepazunguka tena. Nyasi zimesimama palepale, upana wa mkeka. Huenda ni mazoea tu, na hakuna kitu humo ila nyasi. Huenda.

Baba alikuwa kitandani, uso kwa ukuta. "Wamekiacha kichaka?" aliuliza.

"Wamekiacha."

 Nami sikumuuliza amejuaje. Jembe liko nyuma ya mlango, na kutoka hapa ninapoandika nakiona kile kichaka. Nikiingia nikaona, nitakuwa nimeona. Sijaingia.