Debe la Mektilda

Asubuhi ile ya mwisho mke wangu Mektilda aligonga kikombe kwa kijiko. Maana yake: uji unapoa, wewe bado unafunga viatu? Nikaja. Akanivuta shati, akanionyesha kola kwa kidole. Imepinda. Akainyoosha mwenyewe. Basi. Tukanywa uji, nikaenda porini kuangalia mizinga ya nyuki. Niliporudi jioni majirani wamejaa uani. Presha ilishamchukua.

Hiyo sitaki kuisimulia. Nataka kusimulia harusi ya binti yetu Kabula, maana siku hiyo kijiji chetu kizima cha Ipole kilimsikia mke wangu, na mke wangu hakuwa na sauti.

Sauti iliondoka na ugonjwa wa koo. Ikabaki pumzi tu. Akikuwekea mdomo sikioni unapata neno, mawili. Watu walimhurumia. Sisi wawili hatukuhangaika sana. Miaka yote tumerina asali pamoja, mimi juu ya mti, yeye chini kashika kamba ya ndoo, anapima uzito kwa mkono. Penye nyuki hupigi kelele. Kamba ikivutwa mara moja, ngoja. Mara mbili, ndoo imejaa, teremsha. Koo lilipofunga, akaiacha kamba akahamia kwenye shati langu.

Siku ya harusi wakwe wakafika kutoka Lusu na mshenga wao Anton, mzee mwenye maneno kuliko redio. Kwa ukoo wao, bibi harusi hatoki ndani mpaka mama yake ajibu kwa kigelegele. Mama. Si shangazi, si baba. Asipojibu amekataa, na wageni wanarudi walikotoka. Sisi tuliyasikia hayo palepale uani.

Anton akavua kofia. "Mama mzazi, tumekuja. Tunasikiliza."

Mektilda akafungua mdomo. Ulimi ukacheza. Ukatoka upepo tu.

"Mama, bado tunasikiliza."

Bibi mmoja wa Lusu akasema, "Huyu mama anaringa."

"Haringi, anaumwa koo!" nikasema.

"Baba mkwe," Anton akanijibu, "koo lako ni zima, tumelisikia. Tunamngoja mama."

Dirishani namwona Kabula, kanga mdomoni, machozi yanamlenga. Mektilda akanivuta shati. Mara mbili! Nikaruka.

"Amesema teremsha! Ndoo imejaa! Amekubali!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Jamani, baba mkwe anatafsiri shati!"

Anton hakucheka. "Shati si kigelegele."

Hapo mke wangu akakasirika. Namjua, pua inapanuka. Akaingia stoo, akatoka na debe tupu la asali na mwiko wa ugali. Akalipiga. Ti-ti-ti taa! Ti-ti-ti taa!

Wanawake wa Ipole wanaujua mdundo ule. Aliupiga kila msimu tukishusha asali, ili kila mtu aje na bakuli aonje. Walikuwa nyuma ya nyumba kwenye masufuria ya pilau, ya mbele hawayajui. Wakasikia debe.

"Asali! Asali imeshuka!"

Wakaja mbio! Mabakuli juu, mikono inanuka vitunguu, vigelegele vinapasuka kila upande. Kuku wakaruka. Wageni wakasogea ukutani. Mbele kabisa jirani yetu Swaumu, bakuli lake kubwa kuliko yote.

"Iko wapi? Asali iko wapi?"

Mektilda akanyoosha mwiko mlangoni, aliko Kabula. Watu wote wakageuka kumtazama Anton. Anton akatazama debe, akatazama wanawake. Kisha akavaa kofia.

"Mama amejibu," akasema. "Tena kwa makoo ya kijiji kizima. Bibi harusi atoke."

Kabula akatoka, anacheka na kulia. Swaumu akaangalia bakuli lake, akamwangalia bibi harusi.

"Mmenidanganya nyie! Haya, na huyu ni asali." Akaanza kigelegele upya, wenzake wakampokea.

Nilicheza, na goti langu bovu hili. Mektilda jasho linamtiririka, debe limebonyea, bado anapiga. Kisha akanivuta shati mara moja. Ngoja. Nikainama. Akaweka mdomo sikioni kwangu. Ilikuwa pumzi tu, lakini nilisikia kila neno, na sijaongeza kitu:

"Wamesikia mpaka Lusu?"