Mwalimu na Rejeta Nyepesi

Habari za msiba zilinikuta nikiwa chini ya pikapu, mgongo kwenye gunia, nikifungua bomba la maji. Mwenye pikapu alikuwa amechutama karibu na gurudumu akinieleza jinsi bei ya ndizi ilivyoanguka, kisha akakatiza hadithi yake. "Kwani hukusikia? Mwalimu ametuacha. Yule wa gari ya njano." Maji ya rejeta yakaendelea kutiririka kwenye beseni. Wasomaji wangu wa Kanyakine na Nkubu hawahitaji kuambiwa zaidi, maana Mwalimu mwenye gari la njano alikuwa mmoja tu. Aliugua kwa muda mfupi, akafia nyumbani kwake, mumewe na binti zao wakiwa naye. Nimeketi kuandika maneno ya huzuni kama inavyostahili, lakini kila ninachokumbuka juu yake kinanichekesha. Nadhani hilo lingempendeza.

Hakunifundisha darasani. Alikuwa amekwisha kustaafu nilipomjua, na nilimjua kwa sababu ya kazi yangu ya kutengeneza rejeta, zile za kupoza maji ya injini. Gari lile aliachiwa na kaka yake, aliyefanya kazi Mombasa na kulinunua huko likiwa tayari limezeeka. Ni gari dogo la michezo la Kijapani, la viti viwili, limelala chini hata kuku akipita mbele yake dereva humwona macho kwa macho. Injini yake ni ya rotari. Kwa wasioijua, injini nyingi zina pistoni zinazopanda na kushuka, lakini hii ndani yake kuna kitu cha pembe tatu kinachozunguka tu, kinazunguka na kuzunguka, na sauti yake ni kama nyuki waliokasirikia mzinga mmoja. Ni injini ndogo, nyepesi, yenye nguvu nyingi, na kwa hiyo ina joto jingi. Ikikosa kupozwa vizuri inaharibika upesi, na kwetu huku hakuna barabara isiyopanda mlima.

Siku ya kwanza alipokuja kwangu alifungua boneti, akasimama kando kama mtu anayeonyesha aibu ya jirani. Ndani kulikuwa na rejeta kubwa ya shaba iliyotolewa kwenye lori dogo, ikafungwa kwa vyuma vilivyochomelewa, na mbele ya injini feni ya chuma ambayo ingeweza kupepeta mahindi. Tangi la maji lilikuwa la bati nene. Akaniuliza, "Fundi, hii ni mnyama gani?" Nikamwambia ni gari. Akasema, "Hapana. Ilizaliwa mbuzi, wakaifanya ng'ombe. Pua imekuwa nzito, kwa kona inaenda inakotaka yenyewe. Na bado inachemka! Nataka uitoe hii mizigo yote, tuweke vitu vyepesi." Nilimwambia polepole kwamba watu huongeza rejeta gari linapochemka, hawapunguzi. Akanitazama juu ya miwani. "Wameongeza, imepona?" Nikachukua spana.

Hapo lazima nimlete mumewe, ambaye ni mpole, alistaafu kutoka ofisi ya ardhi, na sasa hulima ndizi na mboga kwa maji ya mradi. Yeye alikuwa amechoka. Gari lile lilikuwa limemchemkia njiani kwenda kanisani, njiani kwenda harusini, na mara moja kwenye msafara wa mazishi, akalazimika kuteka maji mtoni kwa kofia yake ya Jumapili huku waombolezaji wakimpita. Sasa binti yao wa mwisho alikuwa ameposwa na kijana wa Gachoka, na wakwe wakawaalika. Mwalimu akasema wataenda na gari la njano. Mzee akasema yeye ataenda na gari la Probox pamoja na shangazi za binti. Walibishana mbele yangu hadi wakapatana hivi: Mzee atapanda gari la njano, lakini likichemka hata mara moja kwenye safari ya Gachoka, kwenda au kurudi, mnunuzi wa Nairobi aliyekuwa akilimezea mate atakuja kulichukua. Wakapeana mikono. Mwalimu alicheka, lakini aliponigeukia niliona macho yake hayakucheka. Gari lile ndilo kitu pekee alichoachiwa na kaka yake.

Tukaanza kutafuta vipuri. Rejeta ya alumini tuliipata kwa wavunja magari wa Meru mjini, kutoka kwa gari dogo lililogongwa nyuma, pua yake nzima. Mwalimu aliifuata mwenyewe Jumamosi, akalala kwa dada yake, na Jumapili akaja moja kwa moja kanisani akiwa nayo kwapani, maana ilikuwa nyepesi kama mkoba. Alichosahau ni kwamba ilikuwa Jumapili ya mavuno. Aliiegemeza ukutani karibu na mlango akaingia kuimba. Vijana wa kanisa, waliokuwa wakibeba mikungu ya ndizi, nduma na kuku kupeleka mbele, wakaibeba nayo. Ibada ilipokwisha mnada ukaanza, na baada ya jogoo mmoja mkorofi mzee wa kanisa akainua rejeta juu kwa mkono mmoja.

"Na hii je? Aliyeleta amebarikiwa, hata kama sijui ni nini."

"Ni ya kuchomea mahindi!" akasema mtu wa nyuma, akataja bei yake.

"Weka hiyo chini, ni yangu!" Mwalimu akapiga kelele kutoka kwaya.

"Mwalimu, ikishafika hapa mbele ni ya Bwana. Unasema ngapi?"

Kanisa zima lilicheka hadi mchungaji akajifuta macho. Yule wa mahindi hakutaka kuachilia, akapandisha, Mwalimu akapandisha, na mwishowe mumewe mwenyewe, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuitaka rejeta ile duniani, akasimama akampita mwenye mahindi na kumaliza mnada. Alimkabidhi mkewe mlangoni. "Sadaka ni sadaka," akasema, "lakini dau letu liko palepale."

Rejeta ikafuatwa na feni mbili za umeme zenye mapanga ya plastiki, tangi dogo la plastiki, na bomba la alumini mahali pa lile la chuma. Vitu vya zamani tulivitoa watu wawili tukihema, vipya Mwalimu alinipitishia kimoja kimoja kama anayegawa vikombe vya chai. Pua ya gari ilipanda juu ukiitazama. Nilipofika kwenye kile kikombe kidogo cha chuma kilicho kwenye injini, mahali pa kukaa themostati, nikakuta ni kitupu. Nikamwonyesha. "Afadhali," akasema, "hapa si Ulaya." Nami nikakubali bila kufikiri, kwa sababu hiyo ndiyo dini ya gereji zetu zote. Themostati ni kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Fundi wa kwetu akiikuta huing'oa na kuitupa kwenye mabaki, anasema ni ya nchi za theluji, na mwenye gari hushukuru. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza kama ina kazi nyingine.

Tukaenda kulijaribu. Tuliteremka hadi daraja la Mutonga, Mwalimu akiimba, gari likikata kona kama limerudishiwa ujana. Tukageuka kupanda. Hatukufika mbali. Mshale wa joto ukainuka, ukasita, ukainuka tena, mvuke ukatoka pembeni mwa boneti. Mwalimu alizima injini, akaweka mikono yote miwili kwenye usukani, akakaa hivyo. Siku ya Gachoka ilikuwa imekaribia na hatukuwa na kitu kingine cha kubadilisha. Baadaye akampigia mumewe simu alete maji. Mzee alifika kwa bodaboda, mtungi mapajani.

"Muuga," akatusalimia. "Nimeleta maji. Ni ya kunywa ama ni ya gari?"

"Ya gari. Na usicheke."

"Sijacheka. Nimekohoa."

Akainama mbele ya gari, akaweka kiganja kwenye rejeta, akakiacha pale. "Mbona hii kitu ni vuguvugu?"

"Ni mpya, Mzee."

"Kwani chai kwa sufuria mpya haichomi? Injini inaunguza, na hii inapaswa kubeba moto wake, lakini naishika kama mkono wa mtoto." Akafikiri. "Hii ni kama laini yetu ya maji kule shambani. Ukiacha valvu ya chini wazi, sprinkla za kunyunyizia kule juu zinakohoa tu. Maji yakiona njia ya mkato, kazi hayaendi. Huku ndani kuna njia ya mkato mahali."

Tulitazamana, Mwalimu na mimi. Kisha tukafungua kile kikombe kitupu, tukachungulia, na chini yake kulikuwa na tundu, limekuwapo siku zote. Maji ya moto yalikuwa yakiingia pale na kurudi kwenye injini bila kuona rejeta. Kwenye injini ile, themostati ikifunguka kwa moto, kisahani cha chini yake huliziba tundu hilo. Kumbe kifaa tulichokiita cha baridi ndicho kilichokuwa mlinzi wa mlango.

"Na mlinzi tulimfukuza," akasema Mwalimu.

"Si sisi tuliomfukuza," nikasema. "Ni fundi wa kaka yako. Sisi tulimsifu tu."

Akacheka hadi akaketi kwenye nyasi. Halafu akamgeukia mumewe. "Wewe, unajua umejinyima? Ungenyamaza, ningeenda Gachoka hivi hivi, na gari ingeenda kwa mnunuzi."

"Najua."

"Sasa mbona umesema?"

"Nikushinde kwa kitu naona na wewe huoni? Hiyo si kushinda, hiyo ni kuiba." Akafunga mtungi. "Lakini ikichemka Gachoka, inaenda. Hiyo sijasahau."

Tulipata themostati yenye kisahani chini, ya pikapu moja ya Kijapani, ikakaa sawasawa. Siku ya safari mimi nilifuata ndani ya Probox na shangazi, ambao walikuwa wakiombea gari la njano kwa sauti na kulisema kwa sauti kubwa zaidi. Tulipoteremka kutoka Embu joto la nyanda za Mbeere lilitupiga usoni kama mlango wa tanuri. Tulitazamia mvuke kila kona. Hatukuuona. Gachoka wakwe walitupokea kwa vigelegele, na vijana wakalizunguka gari kuliko walivyomzunguka bibi harusi mtarajiwa. Mmoja wao, binamu wa kijana wetu, alikuwa fundi. Akainua boneti, akatikisa kichwa kwa huruma, akamwambia Mwalimu, "Mama, ushauri wa bure tu. Hiyo themostati toa. Huku kwetu ni joto." Mwalimu aliushika mlango wa gari asianguke kwa kicheko. Ni Mzee aliyejibu, kwa adabu kubwa: "Kijana, tunakupenda, umekuwa mtoto wetu. Lakini funga hiyo boneti."

Wakati wa kurudi Mzee aliomba ufunguo. Sijui Mwalimu alisema nini, nilimwona tu akizunguka kwenda upande wa abiria. Walipanda mlima ule wa Embu kwenye jua la mchana, Mwalimu akiwa ameutoa mkono dirishani, na sauti ya nyuki ikatuacha mbali. Tuliwakuta mjini wakingoja kando ya barabara. Mwalimu alikuwa amesimama nje akinywa soda. Mzee hakutaka kushuka, alisema kiti kimemshika. Mnunuzi wa Nairobi alipopiga simu juma lile, ni Mzee aliyepokea, akamwambia gari halipatikani. Mnunuzi akauliza limekwenda wapi. Mzee akasema, "Sijui linaelekea wapi bado, lakini mimi niko ndani."

Tangu hapo kila gari likiletwa kwangu naangalia kwanza kilichotolewa kabla ya kufikiria cha kuongeza. Mtu alitoa kifaa kimoja kidogo, gari likachemka, wakaongeza rejeta ya lori, pua ikalemaa, wakaongeza vyuma vya kuishikilia, na gari likabeba uzito huo miaka na miaka kwa sababu ya tundu moja lililoachwa wazi. Nimeona nyumba za namna hiyo pia, na kamati za maji, na kwaya. Tunapenda kuongeza, maana kuongeza kunaonekana.

Lakini si hilo ninalotaka kumkumbukia Mwalimu. Ninachokumbuka ni wawili wale barabarani Mutonga, mmoja akiwa ameshinda tayari, na hakuna aliyejua isipokuwa yeye na kiganja chake. Angeweza kuumwaga ule mtungi wa maji na kupanda bodaboda yake akipiga mluzi. Alisema. Na kwa kusema kule wakapata safari nyingi pamoja, Chuka, Kianjai, Embu, pengine bila sababu yoyote ila kwenda. Nawaambia hasa walio rika langu, tunaopenda sana kushinda mabishano: ukimwona mwenzako anakosea, na kosa lake linakufaa wewe, mwambie. Utapoteza dau, na utapata mtu wa kusafiri naye.