Visiki Ndani ya Bwawa la Emiliana

Emiliana alikulia Tanzania, akarudi Burundi na mumewe Longino, wakapata kipande cha shamba bondeni, Bukirasazi. Humo walichimba bwawa, wakafuga perege. Samaki wakubwa walistawi, lakini vifaranga vyao havikupona. Kila asubuhi ndege walitua ukingoni na kuvidonoa kama wageni walioandaliwa chakula.

Emiliana alisikia kwamba miti ikizamishwa, vifaranga hupata pa kujificha. Akakata matawi mabichi ya mkaratusi, akayatumbukiza. Siku chache baadaye maji yakawa meusi kama chai ya rangi. Samaki wakapanda juu wakitweta, wengine wakaelea matumbo juu.

"Waache ndege wavile vifaranga," Longino alimwambia. "Angalau wao hawachafui maji."

Emiliana akafunga safari. Alipanda gari hadi Muyinga kwa kaka yake Simoni, ambaye alikuwa na bwawa lenye samaki tele.

"Mkaratusi mbichi ni mkali, dada," Simoni alisema. "Tafuta visiki vya mibuni vilivyokauka. Vifunge mawe, uviweke upande mmoja tu, wavu upate pa kupita."

Akarudi, akang'oa visiki vya mibuni mizee mpaka viganja vikachubuka, akavizamisha kando. Punde vifaranga vikaanza kuzagaa katikati ya mizizi, na ndege wakabaki kutazama.

Haukupita muda, alfajiri moja akakuta maji yamevurugwa na visiki havipo. Alama za matope zilimpeleka hadi uani kwa jirani yake Klara. Visiki vilikuwa vimeanikwa juani, viwili vimekwisha pasuliwa.

"Mi niliona kuni iko inaoza mu maji," Klara alisema. "Nikajua haina mwenyewe."

"Zilikuwa zimefungwa mawe, Klara. Kuni gani hujifunga mawe?"

"Pardon, mama. Lakini maharage iko kwa moto toka jana, na haiivi."

Emiliana alitaka kufoka, ila alijua jinsi kuni zilivyo adimu. Akajitwika vilivyobaki, tope likimchuruzika shingoni.

Kwa kumhofia Klara, safari hii alivizamisha katikati, penye kina. Ndipo alipojiponza. Shabani, mchuuzi wa samaki kutoka Magarama, alipokuja na wavu wake, ulinasa, ukachanika vipande viwili.

"Bwawa hii iko na meno," Shabani alisema akikunja matambara yake. "Mi sirudi tena hapa."

Longino akavua viatu aingie kuving'oa vyote. Emiliana akasimama mbele yake.

"Hakuna kisiki kitakachotoka."

"Na samaki utawatoaje?"

Emiliana akachukua ndoana.

Hadi leo anavua hivyo, mmoja mmoja, na kuwapeleka sokoni kwenye beseni lisilojaa. Vifaranga vimeongezeka, hata Longino anakiri. Wachuuzi wenye nyavu hupita barabarani, wakaliangalia bwawa, wakaendelea na safari zao, naye husonya na kutia chambo kingine.